Mbwa wa amana na magaga yake

WAHENGA walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo niliijua tangu nikiwa shule ya msingi, nikaitumia katika insha na kuambulia alama zangu, lakini sikuielewa barabara hadi likizo ya Desemba iliyopita, nilipouona ufa ambao haukuwa wa ukuta. Ulikuwa chini ya mguu wa mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Tomi, na hakuwa wetu. Alikuwa mbwa wa amana. Dada yangu mkubwa ameolewa upande wa Nyamira, mwendo mfupi kutoka Keroka, ule mji ulioketi mpakani, mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira. Jirani yake, nyanya mmoja mjane, aliteleza akivuka kijito, akavunjika mkono. Wanawe walimpeleka hospitali mjini Kisii, akatiwa plasta, kisha ikaamuliwa akae kwa binti yake huko huko mjini kwa muda wa wiki sita.

Kuku wake waliuzwa. Ng'ombe akapelekwa kwa shemeji. Lakini mbwa, msomaji wangu, ni nani hupigania kupewa mbwa wa mwenzake? Kila mtu alitazama pembeni. Ndipo dada akasema, "Mwacheni hapa kwangu. Mwambieni nyanya nitamrudishia na miguu yake minne, kama mlivyomleta."

Nilipowasili kutoka Nairobi kwa ajili ya Krismasi, Tomi alikuwa amekaa pale wiki tatu. Naye alikuwa akitembelea miguu mitatu.

KOPO LA OILI

Alikuwa mbwa wa kawaida, wa rangi ya udongo, yule ambaye Abagusii humwita esese na kumwona katika kila boma. Mguu wa mbele wa kulia aliuinua hewani kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Akisimama, anaulamba. Akilala, anaulamba. Nilipochungulia niliona nyayo zake zimekauka, zimepauka, na zimejaa magaga kama kisigino cha mtu aliyelima pekupeku msimu mzima. Gaga moja lilikuwa likitoa damu.

Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kunywa chai alicheka kidogo. "Hilo ni jambo dogo," akasema. "Pakeni oili chafu ya pikipiki. Siku tatu tu, atakuwa anakimbiza sungura."

Sitaki kumlaumu mzee yule. Ushauri wa aina hiyo nimeusikia Kisii, nimeusikia Thika, na hata katika mitaa ya Nairobi ambako watu wana madaktari wa mifugo umbali wa kupiga mluzi. Isitoshe, ukweli ni kwamba mimi mwenyewe niliuona una maana. Kitu kikavu si hupakwa mafuta? Nililipata kopo la oili kwa kijana wa boda boda, na tayari nilikuwa nimechovya kitambaa ndani yake.

Aliyenizuia alikuwa mpwa wangu, mvulana wa darasa la nne. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha Tomi. "Mjomba," akaniuliza kwa heshima, "si atailamba?"

Nilikosa jibu. Bila shaka angeilamba. Mbwa hulamba kidonda kama vile sisi tunavyojishika mahali panapouma. Kila unachompaka mguuni, ujue umemtia kinywani. Oili iliyotumika katika injini ina masalio ya vyuma na kemikali ambazo hakuna mtu angempa kiumbe chochote anywe. Niliirudisha kwenye kopo, nikamwambia kijana yule, "Haya, wewe ndiwe daktari. Tufanye nini?" Akasema, "Kwanza tumwoshe tuone."

Naam, kwanza tuone. Katika maneno hayo mafupi kuna somo lote la leo.

WAYO WA MBWA NI NINI?

Wengi wetu hudhani wayo wa mbwa ni kama kiatu. La hasha! Ni ngozi hai. Juu pana tabaka nene, gumu, la kukwaruzana na ardhi. Chini yake pana mafuta yanayofanya kazi ya mto, yanayomeza kishindo anapokimbia na kuruka. Pana mishipa ya damu na ya fahamu, na ndiyo sababu wayo ukikatika hutoka damu nyingi na kuuma sana. Hata jasho, mbwa hutokwa nalo hasa hapo kwenye nyayo.

Ngozi hiyo hupasuka kwa sababu nyingi. Ya kwanza ni mwendo na mahali anapokanyaga. Nyanda za Gusii ni za mvua nyingi, na alfajiri njia za katikati ya majani chai huwa zimelowa umande chepechepe. Mbwa hutembea humo saa nzima, nyayo zikalainika. Jua linapopanda, hutoka na kukimbilia barabara ya murramu yenye changarawe. Walioona mafundi wa mawe ya sabuni kule Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, wataelewa upesi. Kinyago kikishachongwa hulowekwa maji, kisha hupigwa msasa hadi kikawa laini kama yai. Maji kwanza, msasa baadaye. Hivyo ndivyo nyayo za mbwa zinavyoliwa, ila zenyewe hazibaki laini, hupasuka.

Kwa wakazi wa mjini sababu huwa tofauti kidogo. Lami ya saa saba mchana huunguza. Weka nyuma ya kiganja chako juu ya barabara uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, mbwa wako naye asipitishwe hapo. Sakafu ya saruji isiyokauka, iliyojaa mkojo au iliyomwagiwa dawa kali za kuoshea vyoo, nayo hula ngozi taratibu. Halafu kuna vipande vya chupa, misumari na nyaya.

Sababu nyingine hutoka kwenye sahani. Mbwa anayelishwa ugali mtupu mwaka mzima aweza kupungukiwa na madini ya zinki, kwa kuwa nafaka huyafunga madini hayo yasipite vizuri tumboni. Ngozi yake hukakamaa, hasa kando ya mdomo, machoni na kwenye nyayo. Konzi ya omena waliochemshwa, yai, au matumbo ya mbuzi yaliyopikwa, yakichanganywa na ugali huo, ni msaada mkubwa.

Na sababu nyingine tena huwa imejificha ndani ya gaga lenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa yetu.

MAJI, CHUMVI NA SUBIRA

Kabla ya kumshika mguu mbwa ambaye si wako, kuna swali moja ambalo halina mzaha. Je, amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu, hadi 99 katika kila 100, hutokana na mbwa. Dalili zake zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Dada alipiga simu mjini Kisii, nyanya akaulizwa, akajibu kwamba cheti cha chanjo kimo ndani ya mkebe wa majani chai, juu ya kabati. Kikapatikana, na tarehe ilikuwa ya mwaka huo huo. Tukapumua.

Iwapo mbwa atakuuma au kukukwaruza, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku iyo hiyo ili daktari aamue kuhusu sindano. Usingoje kuona kama mbwa atakuwa mkali.

Hata mbwa mpole huuma akiumizwa. Tulichukua ukanda wa kitambaa, tukauzungusha puani mwake, tukaukutanisha chini ya kidevu na kuufunga nyuma ya masikio. Usikaze hadi ashindwe kupumua, na usimfunge kama anahema sana au anatapika. Mpwa wangu alimshika kichwa akimnong'oneza, mimi nikaingia kazini.

Tulichemsha maji tukayaacha yawe ya uvuguvugu. Katika nusu lita tulitia kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Tukautumbukiza mguu humo kwa dakika tano hivi, tukasugua taratibu kwa kitambaa laini, katikati ya vidole na chini yake. Tope lilitoka, kisha changarawe mbili, kisha kupe mmoja aliyeshiba. Tuliukausha mguu vizuri, maana unyevu ukibaki katikati ya vidole hualika ukungu na harufu mbaya.

Sasa tuliona. Kando ya gaga lile lililotoa damu palikuwa na uvimbe mdogo mweupe, mviringo, na katikati yake nukta nyeusi. Pembeni palikuwa na wa pili. Kwenye mzizi wa ukucha, wa tatu. Mtu yeyote aliyekulia mashambani hahitaji darubini kuvitambua.

Walikuwa funza.

Mpwa wangu aliviona pia. Sikumwangalia usoni wakati ule, na laiti ningemwangalia. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba alikuwa amevaa soksi na raba mchana kutwa, katika joto la Desemba, nami nikadhani ni fahari ya viatu vipya vya Krismasi.

SWALI LA DAKTARI

Bahati ilikuwa yetu. Asubuhi iliyofuata daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki kwa jirani kumpandisha ng'ombe kwa sindano. Tulimsubiri langoni. Alikuja, akavaa glavu, akachuchumaa, akautazama mguu bila haraka. Aliwatoa funza mmoja mmoja kwa kifaa kilichosafishwa kwa spiriti, akaosha matundu, akatia dawa ya vidonda. Kisha alimkadiria Tomi uzito na kumpa dawa ya viroboto iliyotengenezewa mbwa, kwa kipimo cha uzito huo.

Dada alishukuru, akauliza ada ni pesa ngapi. Daktari hakujibu upesi. Aliuliza, "Mbwa huyu hulala wapi?"

"Jikoni, karibu na meko. Kuna joto."

"Sakafu ni ya nini?"

"Ya udongo."

"Na jioni watoto hukaa wapi?"

Dada alinyamaza. Jioni, watoto hukaa hapo hapo. Huota moto, hufanya kazi ya shule, hula, na mdogo wao husinzia akiwa ameegemea mgongo wa mbwa. Sote tuligeuka kumtazama mpwa wangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, na polepole akairudisha miguu yake chini, nyuma, kana kwamba angeweza kuikunja na kuitia mfukoni.

Mama yake alipomvua soksi, alikuta funza wanne katika mguu wa kushoto na wawili katika wa kulia. Mmoja alikuwa amejaribu kumtoa mwenyewe kwa pini ya daftari, na kidole kilikuwa kimevimba.

"Kwa nini hukusema?" mama akauliza, na sauti yake haikuwa ya ukali.

"Shuleni mtu akiwa nao wanamwita jina lao," mvulana akasema. "Hata mwaka ukiisha wanaendelea kumwita."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hivyo ndivyo tunavyowaambia watu wazima. Lakini mtoto wa miaka 10 huficha kwa sababu tumemfundisha kwamba funza ni uchafu, na uchafu ni aibu yake. Tomi hakuwa na aibu. Aliuinua mguu wake hewani mbele ya kila mgeni hadi tukamsikia.

MGENI WA MWAKA 1872

Ni vizuri tuelewe huyu mdudu ni nani. Funza si wa asili ya Afrika. Makao yake ya kale ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibea. Aliletwa Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, akiwa ndani ya mchanga na miguu ya mabaharia. Kutoka pwani ile alifuata misafara ya wapagazi na askari, mguu kwa mguu, akavuka bara hili lote hadi upande wetu wa mashariki kabla ya karne ile kumalizika.

Funza ni jamii ya kiroboto, urefu wake ni kama milimita moja tu. Jike hujichimbia ndani ya ngozi, akabakiza ncha ya mkia wake nje. Hiyo ndiyo nukta nyeusi unayoiona. Kupitia hapo hupumua, hujisaidia na kutaga. Kwa muda wa wiki moja au mbili hufura hadi akawa kama punje ya njegere, akidondosha mayai mia moja au zaidi. Mayai huangukia mchangani, huanguliwa baada ya siku chache, na wiki chache baadaye kizazi kipya kiko tayari kuruka. Nao hawachagui. Mtu, mbwa, nguruwe, paka, panya, kwao wote ni nyumba.

Kwa hivyo ukimtibu mbwa ukamsahau mtoto, umefanya kazi bure. Ukimtibu mtoto ukamsahau mbwa, kadhalika. Na ukiwatibu wote wawili ukaisahau sakafu, baada ya mwezi mmoja mtakuwa mlipoanzia. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu yumo katika vumbi unalolikalia.

Mpwa wangu alipelekwa kwenye zahanati siku iyo hiyo. Muuguzi aliosha miguu yake, akampaka matone ya dimetikoni, mafuta mepesi yanayopenya na kuziba ile nukta ambayo funza hupumulia. Mdudu hufa humo ndani, na mwili humtupa nje wenyewe pamoja na ngozi kuukuu, pasipo kuchokoa. Aliulizwa pia kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu tundu la funza ni mlango wazi wa vijidudu vya ugonjwa huo. Muuguzi alitukanya sana kuhusu pini na sindano za nguo. Pini moja ikitoka mguu huu ikaingia mguu ule, hubeba maradhi ya damu.

Jikoni, tulihamisha kila kitu nje. Tulifagia, tukanyunyizia maji, tukapiga dawa ya viroboto kama ilivyoandikwa kwenye chupa, watoto na mbwa wakiwa mbali hadi ilipokauka. Gunia alilolalia Tomi lilichomwa. Siku ya tatu dada na mashemeji zake waliikandika sakafu upya, ikawa ngumu na isiyo na vumbi. Tomi alitengenezewa kibanda nje, chenye mbao chini, zilizoinuka kutoka ardhini.

YA KUPAKA NA YA KUTOPAKA

Baada ya chanzo kuondolewa, ndipo zamu ya mafuta ilipofika. Daktari alituruhusu kutumia mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yale ya kawaida ya watoto, au mafuta ya nazi. Kiasi kidogo, mara mbili kwa siku, kwenye magaga makavu tu. Jeraha lililo wazi lilioshwa kwa maji ya chumvi na kupakwa dawa aliyotuachia. Tulimpaka Tomi wakati akila, kwani mbwa mwenye sahani mbele yake hana haja na mguu. Kisha tukamvisha soksi kuukuu ya mtoto kwa nusu saa, hadi mafuta yalipoingia.

Usizidishe. Wayo ukilainika kupita kiasi hupasuka upya akikanyaga changarawe. Tunachotaka ni ngozi inayonyumbulika, siyo ngozi teketeke. Kama ni lazima umfunge bendeji, usiikaze. Ibadilishe kila siku, na pia kila inapolowa. Mfuko wa plastiki mvishe anapotoka tu kujisaidia, na umvue akirudi. Mwendo uwe mfupi, penye nyasi, hadi aache kuchechemea.

Sasa, yapo mambo ambayo nakuomba usiyafanye. Usipake oili chafu, dizeli wala mafuta ya taa. Usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Nyingine hudhuru mishipa ya fahamu ya mbwa. Usipake malhamu ya watoto wachanga yenye zinki, kwa kuwa mbwa akiilamba kwa wingi humdhuru. Usimimine spiriti juu ya nyama iliyo wazi. Na kamwe usimpe vidonge vyako vya maumivu. Ibuprofeni, ambayo wewe humeza ukiumwa na kichwa, yaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

WAKATI WA KUMKIMBILIA DAKTARI

Si kila gaga la kutibiwa nyumbani. Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo iwapo damu haikomi baada ya kuibana kwa kitambaa safi kwa dakika 10, iwapo pana usaha au uvimbe, iwapo hawezi kabisa kukanyaga, au iwapo hali ni ile ile baada ya wiki moja ya kumwuguza.

Na kuna dalili moja ambayo hasa wanaolea mbwa wasiojua historia yake wanapaswa kuikariri. Nyayo zote nne zikikauka pamoja na kuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, pua nayo ikakakamaa, huku mbwa ana homa, tongo za macho, makamasi, kikohozi au kuhara, hiyo yaweza kuwa distempa. Ni ugonjwa wa virusi. Waingereza waliwahi kuuita ugonjwa wa nyayo ngumu. Huendelea hadi kwenye ubongo, mbwa akatetemeka na kuanguka kifafa. Binadamu haumwambukizi, lakini mbwa wa mtaa mzima wamo hatarini. Hauna dawa ya kuua virusi vyake. Kinga ni chanjo, ambayo huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16.

Nayasema haya kwa sababu jijini siku hizi familia nyingi hupokea mbwa wa kulea kwa muda. Wengine huachiwa na marafiki wanaosafiri. Wengine huwachukua kupitia mashirika kama KSPCA ya Nairobi, chama cha kutunza wanyama kilichoanza mwaka 1910. Ni jambo jema. Lakini siku ya kwanza kabisa, kabla ya kumwonyesha majirani, mketishe umtazame miguu yote minne. Uliza cheti chake cha chanjo. Uliza alikokuwa akilala. Amana hutunzwa kuanzia siku inapopokelewa, si siku inapodaiwa.

MIGUU MINNE

Nilirudi Nairobi mwanzoni mwa Januari. Tomi alikuwa akikanyaga, ingawa kwa tahadhari, na magaga yalikuwa yamefunga. Mpwa wangu alikuwa akitembea nyumbani kwa kandambili, vidole nje, watu wote wakiviona.

Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu. Nyanya alikuwa amerudi, mkono umetoka kwenye plasta. Mbwa alimsikia kabla hajafika langoni, akatoka mbio, kwa miguu minne kama alivyoahidiwa. Mpwa wangu ndiye aliyenisimulia. Alisema nyanya aliketi kwenye kiti, akamwita Tomi, akainua mguu wa kwanza na kuupapasa kwa kidole, wa pili, wa tatu, na wa nne. Hakusema neno.

"Halafu je?" nikamwuliza.

"Halafu akaniambia na mimi nilete yangu," akasema. "Nikaileta."

Jumapili njema, msomaji. Leo jioni, kabla watoto hawajalala, waambie wavue soksi. Na mbwa naye usimsahau.